Posa Yenye Kumbukumbu Namba

"Posa ina kumbukumbu namba," alisema Mjomba Rehani, akiisogeza karatasi karibu na dirisha. "Watu wa Masoko mmeendelea. Sisi kule Rondo tunaandika bismillahi, tunaanza."

Sebuleni kwa Bi Adija walikuwa wameketi watu watatu kwenye mkeka mpya. Mjomba Rehani alifika jana kutoka Rondo na kiroba cha korosho, kwa sababu posa ya mtoto wa dada yake haiwezi kusomwa bila yeye. Bi Adija mwenyewe, mjane mwenye maneno machache na makali, alikaa karibu na birika la kahawa. Wa tatu alikuwa Mzee Mfaume, baba mkubwa wa Mudathiri, aliyekuja kama mshenga. Barua aliileta ndani ya bahasha ya kaki, imefungwa kwenye leso nyeupe kama inavyotakiwa, na yeye mwenyewe hakuifungua, kama inavyotakiwa pia.

Nyuma ya pazia la chumbani alisimama Nusaiba na binamu yake Saida, wamebanana. Nusaiba alikuwa na miaka ishirini na nane na steshenari yake mwenyewe karibu na ofisi za wilaya. Hakuwa na umri wa kujificha nyuma ya pazia. Lakini mama yake alimwambia ajifiche, akajificha.

"Soma, kaka," alisema Bi Adija. "Kahawa inapoa."

Mjomba alivaa miwani ya dada yake, kwa kuwa ya kwake aliisahau Rondo.

"Ndugu Mudathiri Salumu." Akatikisa kichwa. "Amejitaja jina mwanzoni. Adabu nzuri. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi unayo furaha kukutaarifu kwamba umechaguliwa..."

"Nani amechaguliwa?" aliuliza Bi Adija.

"Yeye."

"Amechaguliwa na nani? Si ndiyo kwanza tunasoma?"

Saida aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nusaiba alimfinya, lakini na yeye alikuwa anacheka.

"...umechaguliwa kushika nafasi ya fundi mkuu wa vyumba vya baridi. Utakuwa katika kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, ambapo upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya siku saba."

Bi Adija aliweka kikombe chini.

"Mzee Mfaume, kijana wako anataka kumjaribu mwanangu miezi mitatu, halafu anirudishie kwa notisi ya siku saba?"

"Bi Adija, wallahi mimi barua hii siijui," alisema Mzee Mfaume, jasho likimtoka. "Nilikabidhiwa imefungwa."

"Endelea, kaka."

"Kituo chako cha kazi kitakuwa Vikindu. Kwa kuwa umejaza kwenye fomu kuwa hujaoa na huna anayekutegemea, utapewa chumba kimoja cha mtumishi."

Nyuma ya pazia kicheko kilikatika. Nusaiba alikuwa ameshachapa barua za kazi za nusu ya Kilwa Masoko, na aliijua barua ya kazi hata ikisomwa na mzee mwenye miwani isiyokuwa yake. Alimwuliza Saida kwa kunong'ona tarehe ni ngapi. Saida alichungulia kwenye upenyo wa pazia, juu ya bega la Mjomba.

"Ya wiki tatu zilizopita, dada."

Wiki tatu. Ndani ya wiki hizo Mudathiri alikuja dukani kila siku. Alikula mihogo ya nazi kwenye kiti chake cha plastiki. Walichagua rangi ya vitenge vya akina mama. Hakusema kitu.

Bi Adija alisema inatosha. Mzee Mfaume akanyoosha mkono airudishe barua kwenye leso, lakini Mjomba Rehani aliikunja akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Barua ikishapokelewa haiondoki bila majibu. Mwambie kijana wako hivyo. Na mwambie kwetu Rondo mwanamume huhamia kwa mke. Yeye naona anahamia kwa majokofu."

Mzee Mfaume aliondoka na leso yake tupu.

*

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla mzee hajafika hata barabarani.

"Vipi mke wangu mtarajiwa? Wamesoma?"

Nusaiba aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Wamesoma. Hongera kwa kazi."

"Kazi ipi?"

"Fundi mkuu. Vyumba vya baridi. Vikindu. Chumba kimoja."

Alama mbili zilibadilika rangi. Halafu simu ikaita. Mudathiri alikuwa Somanga, ndani ya duka la samaki, nusu ya mwili wake iko chini ya friza la mtu.

"Nusaiba, nisikilize. Nimechanganya bahasha."

"Nimeona."

"Nilichapisha zote mbili Nangurukuru siku moja, bahasha zinafanana, hazina jina..."

"Kwa nini Nangurukuru? Mimi nina mashine mbili."

Jibu lilikuwa wazi, na si jibu zuri. Mtu wa Masoko akiwa na siri ya karatasi hana pa kwenda ila Nangurukuru, kwa sababu Masoko karatasi zote zinapita kwa Nusaiba.

"Muda," alisema Nusaiba. Jina hilo alilifupisha yeye, na akimwita hivyo alikuwa anampenda au amekasirika. "Uliomba lini hiyo kazi?"

"Mwezi wa tatu."

"Ile safari yako ya kwenda kufuata kompresa Dar?"

"Nilifuata kompresa kweli. Nikapita na kwenye usaili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema hapana."

"Hukuniuliza. Unajuaje ningesema nini?"

"Nusaiba, mwambie Mjomba asome mpaka chini..."

Hakusikia mwisho. Alikata simu, akaizima, akaitupa juu ya kitanda. Saida aliiokota, akaifuta kwa kanga, akasema dada, simu haina kosa.

*

Jumamosi asubuhi steshenari ilikuwa na foleni. Kulikuwa na mwalimu mwenye mitihani ya kudurufu, bibi mwenye picha za pasipoti za wajukuu watano, na karani wa kijiji na mihtasari yake. Saida alikuwa kwenye mashine ya kopi, Nusaiba kwenye kompyuta. Alipoinua macho, mtu wa nne kwenye foleni alikuwa Mudathiri, bado na ovaroli lenye mafuta, hana hata karatasi moja mkononi.

Hakumwita mbele. Naye Mudathiri hakujitokeza. Alisimama zamu yake kama wateja wengine, na wateja wengine, ambao habari ya jana walishaipata pamoja na chai ya asubuhi, walimpa nafasi ya kutosha ya kuona aibu.

"Fundi, tunasikia umeajiriwa," alisema karani. "Siku saba za notisi."

"Mwache mwenzio," alisema bibi. "Hujaoa, hujui joto lake."

Zamu yake ilipofika, Nusaiba aliweka mikono juu ya kibodi.

"Unataka nini?"

"Kuongea na wewe."

"Hapa tunatoa kopi, tunachapa, tunapiga picha. Unataka lipi?"

"Basi chapa."

"Sema."

Mudathiri alivuta pumzi. Alikuwa fundi mzuri, lakini mbele ya Nusaiba maneno yake yalikuwa yanatoka kama maji ya bomba la Masoko, mara yapo, mara hayapo.

"Andika kwamba niliogopa," alisema. "Andika kwamba hapa nazungukia mafriza ya watu kila siku, na kule wangenipa ghala zima na mafundi wanne chini yangu. Nilitaka kujua kama naweza. Nilipopata, nikakuangalia hapo ulipokaa. Duka lako. Mama yako mtaa wa pili. Nikaona siwezi kukung'oa."

Nusaiba alikuwa anachapa kweli. Vidole vilikuwa vinakwenda.

"Halafu?"

"Halafu nikakataa."

Vidole vilisimama.

"Umekataa nini?"

Hapo ndipo Bi Adija alipoingia. Hakutoa salamu kwa mtu, na watu walimpisha hadi kaunta. Mudathiri akasema shikamoo mama, naye akaitikia marahaba bila kumtazama. Kutoka kwenye mkoba alitoa barua ya jana, iliyokunjwa mara nne na kunuka korosho za Mjomba.

"Mjomba wako aliishia katikati kwa sababu mimi nilimkatiza," alimwambia binti yake. "Nimeisoma mwenyewe baada ya swala ya alfajiri. Soma mpaka chini."

Chini kabisa kulikuwa na sehemu ya kujaza, ya aina ile aliyoichapa Nusaiba mara elfu. *Mimi nakubali / sikubali ajira hii. Kata isiyohusika.* Neno *nakubali* lilikuwa limekatwa kwa kalamu ya bluu, mstari mmoja ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Chini yake sahihi ya Mudathiri na tarehe ya Jumatano.

Watu dukani walingoja. Bibi wa pasipoti alishaweka mkono kifuani. Wote walidhani sasa msichana atalainika, atalia kidogo, mambo yaishe, mashine irudi kutoa kopi.

Nusaiba aliiweka karatasi kaunta.

"Mwezi wa tatu uliomba bila mimi," alisema. "Jumatano umekataa bila mimi. Kwenye barua hii yote, Muda, mimi nipo wapi?"

Mudathiri aliugusa ule mstari wa kalamu ya bluu.

"Nilikataa kwa ajili yako."

"Na miaka kumi ijayo, friza la mtu likikushinda Somanga na mvua inanyesha, utakumbuka kwamba ulikataa kwa ajili ya nani?"

"Sitasema."

"Najua hutasema. Wewe husemi. Hilo ndilo tatizo."

Simu ya Mudathiri iliita. Aliiangalia, akataka kuizima, Bi Adija akamwambia apokee, labda ni mtu aliyebaki na akili. Namba haikuwa na jina. Kwa haraka akabonyeza spika.

"Naongea na Mudathiri Salumu? Mimi naitwa Rosalia, wa utumishi, huku Vikindu. Bahasha yako nimeipokea kutoka kwa kondakta wa basi."

"Ndiyo, dada."

"Kaka, umetuletea posa."

Mwalimu wa mitihani aligeuka akatazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Nimempelekea meneja," Rosalia aliendelea, na ilikuwa dhahiri naye anajikaza. "Anasema anashukuru kwa heshima mliyompa, lakini binti yake ana miaka minne."

Duka lote lilipasuka. Hata Bi Adija alilazimika kugeukia kwenye rafu ya madaftari. Nusaiba pekee ndiye aliyebaki na uso wake, ingawa kona za mdomo zilikuwa zinamsaliti.

"Dada Rosalia," alisema karibu na simu, "hapa anaongea Nusaiba."

Upande wa pili karatasi ilisikika ikigeuzwa.

"Nusaiba wa kwenye barua?"

"Huyo huyo. Nisomee."

"Nikusomee kwenye simu?"

"Ni yangu. Mpaka leo sijaisikia."

Rosalia alisafisha koo. Alisoma vizuri kuliko Mjomba Rehani.

"Kwa heshima na taadhima, sisi ukoo wa Mzee Mfaume tunaleta ombi la kumposa binti yenu Nusaiba kwa kijana wetu Mudathiri. Kijana hana mali ya kutajwa ila ufundi wa mikono yake. Anaomba apewe binti huyu kwa sababu tangu amjue hajawahi kuona siku ndefu. Anaahidi kuwa hatamhamisha kutoka mahali anapopapenda, wala hatamwomba aache kazi yake, na kama itabidi mmoja aache kitu, ataacha yeye."

Hakuna aliyecheka. Mashine ya kopi ilimaliza karatasi, ikalia, Saida hakuigusa.

"Hapa chini kuna sahihi," alisema Rosalia kwa sauti ya chini. "Basi tu. Ila kaka, fomu yetu sijaipata. Mwisho ni Jumatano. Na kama unaoa, chumba kimoja si lazima, zipo nyumba za familia, ni kujaza fomu nyingine. Sikujua. Uliandika huna mtu."

"Niliandika sijaoa," alisema Mudathiri.

"Sasa kwa barua hii, kaka, una mtu."

Simu ilikatwa. Nusaiba alikuwa anatazama kioo cha kompyuta kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Alipofanya hivyo kwa muda mrefu, bibi wa pasipoti alimpa kitambaa.

"Nani alikuambia mimi sihamishiki?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna."

"Umeahidi kwa ukoo wangu kitu ambacho hukuniuliza. Tena kwa maneno mazuri hivyo."

"Sasa nifanye nini, Nusaiba?"

"Usifanye kitu. Nipe mpaka Jumatano. Jumatatu naenda Vikindu kuona."

"Twende wote."

"Wewe ulishakwenda peke yako. Sasa ni zamu yangu. Anayefuata."

Aliyefuata hakuwepo. Wote walikuwa wameshasahau walichokuja kufanya.

*

Jumatatu walipanda basi la kwanza, yeye na mama yake. Bi Adija alisema haendi kutembea, anaenda kukagua. Alikuwa na orodha kichwani: maji, zahanati, msikiti, soko, na jirani wa kuombwa chumvi. Njiani alilala tangu Somanga hadi Mkuranga, akaamka, akasema barabara ni ileile moja inayopita kwao, kwa hiyo mtoto hawezi kupotea.

Nyumba za watumishi zilikuwa nje kidogo ya Vikindu, kwenye mtaa mpya wenye kuta. Zilikuwa nzuri, hilo Bi Adija hakulikana. Zilipangwa mistari, bati za bluu, kila moja na geti lake. Rosalia, mwanamke mnene mchangamfu mwenyeji wa Nachingwea, aliwatembeza huku akiomba radhi kwa kucheka kwenye simu. Bi Adija alifungua bomba, akalingoja, maji yakatoka. Akafunga.

Kisha alitoka nje akaenda kupiga hodi kwenye geti la jirani. Kimya. La pili, mbwa. La tatu, sauti ya kike ikauliza kwa ndani ni nani na anataka nini.

"Sitaki kitu. Nasalimia."

"Unauza?"

"Nasalimia, mwanangu."

Geti halikufunguliwa. Bi Adija alirudi, akamwambia Rosalia kwamba nyumba ni nzuri ila hawa watu wamefungiwa na nani.

Rosalia alisema wengi wanaondoka alfajiri, wanarudi wamechoka, hawajuani. Hata yeye alikaa miezi sita kabla ya kujua jina la jirani yake. Kisha akasema kwa haraka kwamba lazima awaache, ana mikataba kumi ya kudurufu, mashine ya ofisi imeharibika, na kwa kopi lazima apande bodaboda kwenda mbali.

Nusaiba aligeuka.

"Hapa karibu hakuna steshenari?"

"Dada, ghala tatu, shule mbili, na ofisi ya kata. Hakuna."

Walitembea hadi barabara kuu. Huko mtaa ulikuwa na sura nyingine. Palikuwa na mafundi baiskeli, matikiti yaliyopangwa chini, na mama wa chapati aliyemsikia Bi Adija akiuliza bei ya maji, akacheka.

"Wewe mtu wa Kilwa."

"Umejuaje?"

"Mimi wa Kivinje. Kaa."

Wakakaa. Kumbe nusu ya wenye vibanda pale walikuwa watu wa kusini. Ndani ya robo saa Bi Adija alishapata zahanati, msikiti, soko, mtu wa kumkanda mgongo, na jirani wa kuombwa chumvi. Alipata na habari ya fremu ya duka ng'ambo ya barabara, imefungwa tangu mwaka jana, yenye vyumba viwili nyuma na mti wa mlimao uani.

Nusaiba aliazima ufunguo, akaenda kuiona peke yake. Alipima kwa hatua. Alisimama mahali ambapo kaunta ingekaa, akatazama barabara, akahesabu watu waliopita na makaratasi mkononi. Aliporudi alikaa karibu na mama yake na hakuigusa chapati.

"Sema," alisema Bi Adija.

"Mama, utabaki na nani?"

"Alaa. Ndiyo maana huli."

"Nauliza."

"Nitabaki na Saida, na mtaa mzima, na goti langu hili bovu. Nusaiba, kama hutaki kuja huku, usije, na useme hutaki. Lakini usinitumie mimi kama sababu. Mimi si begi la mtu la kushikiwa."

"Utaumwa."

"Nikiumwa utapanda basi. Ukiumwa wewe nitapanda mimi. Nimelala tu njiani, nikafika." Alimsogezea sahani. "Swali ni moja. Mahali umepapenda?"

Nusaiba aliangalia fremu iliyofungwa ng'ambo ya pili. Tabasamu lilianza upande mmoja wa mdomo, likachelewa, likafika upande wa pili.

"Zile za geti hapana," alisema. "Lakini pale pale, Mama, pale kaunta ikikaa upande wa kushoto..."

"Kula chapati."

Ndani ya basi la kurudi simu ilitetemeka.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umeonaje?"

"Utajibiwa kwa barua."

"Nusaiba naomba kidogo tu."

"Hata mimi wiki tatu zako sikupewa kidogo."

Akaweka na kikatuni cha kucheka, ujumbe usije ukamwua kijana wa watu.

*

Jumatano mchana Mjomba Rehani alivaa kanzu iliyopigwa pasi na Saida, akapeleka majibu nyumbani kwa Mzee Mfaume. Bahasha ilikuwa ya kaki. Ilikuwa na jina, kwa herufi kubwa, mbele na nyuma.

Safari hii aliyejificha nyuma ya pazia alikuwa Mudathiri, na alijificha vibaya, miguu yote inaonekana.

Mzee Mfaume alisoma polepole.

"Kumbukumbu namba: Nusaiba, mkwaju, Posa, mkwaju, sifuri moja. Yah: Ombi lako la nafasi ya mume. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua yako tuliipokea kwa njia ya simu, mbele ya wateja. Familia inayo furaha kukutaarifu kwamba umechaguliwa."

Miguu chini ya pazia iliruka kidogo.

"Kituo chako cha kazi kitakuwa Vikindu, kwa miaka miwili. Nyumba ya kampuni hatuitaki. Utaishi katika vyumba viwili nyuma ya steshenari ya mkeo, ambayo ataifungua mwenyewe, na utahamia hapo wewe na begi lako."

Mjomba Rehani aliinua kidole.

"Hapo nisikilizeni. Mwanamume anahamia kwa mke. Kama kwetu. Mimi sikumwambia aandike hivyo, damu imeandika yenyewe."

"Duka la Masoko litaendeshwa na Saida. Idi zote mbili mtakula kwa Mama. Miaka miwili ikiisha mtakaa chini wawili mtaamua upya, kubaki au kurudi. Hakuna kipindi cha majaribio. Hakuna notisi. Uamuzi wowote wa kwenda, kukaa, kukubali au kukataa utafanywa na watu wawili. Uamuzi wa mtu mmoja ni batili, hata akiuandika vizuri." Mzee Mfaume alivuta pumzi. "Jaza sehemu ya chini, kata isiyohusika, rudisha kabla ya magharibi. Tazama kiambatanisho."

Kiambatanisho kilikuwa fomu ya kampuni ya Vikindu, iliyochapwa upya. Kwenye mstari wa sahihi wa Mudathiri hakukuwa na kitu. Pembeni yake, mahali ambapo kampuni haikuweka mstari wowote, Nusaiba alikuwa amechora wa kwake kwa rula na kutia sahihi.

Mudathiri alitoka nyuma ya pazia. Aliomba kalamu. Kwenye fomu ya kampuni alilikata *sikubali* kwa ustaarabu, akatia sahihi, akaipiga picha na kumtumia Rosalia. Kwenye barua ya Nusaiba alilikata kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, na Mzee Mfaume akasema pole pole, huo ni waraka.

Hakusubiri mtu wa kuipeleka. Alipanda bodaboda na ovaroli lake, akaingia dukani mbele ya foleni nzima, na safari hii foleni ilimpisha.

"Nimejaza," alisema.

Nusaiba aliipokea, akalitazama tundu lililo katikati ya karatasi.

"Umeharibu barua yangu."

"Toa kopi."

"Muda."

"Naam."

"Ungeniuliza mwezi wa tatu, ningesema twende tukaone."

"Sasa nimejua. Nikuulize kitu kingine?"

"Uliza."

"Kaunta tuiweke upande gani?"

Nusaiba alicheka, kicheko kile kile cha nyuma ya pazia kabla hakijakatika, na Saida akatangaza kwamba kwa dakika tano zijazo huduma imesimama.

*

Harusi ilikuwa wiki mbili baadaye, kabla ya tarehe ya kuripoti kazini. Akina mama walivaa vitenge vya rangi waliyoichagua wote wawili. Rosalia alikuja kutoka Vikindu na zawadi iliyofungwa kwenye leso nyeupe: posa yenyewe, ile ya kwanza, aliyoivika plastiki isichafuke. Meneja alituma salamu kwamba binti yake bado ana miaka minne.

Wanaume walikuwa nje na shekhe. Mjomba Rehani aliingia ndani na mashahidi wawili kumwuliza bibi harusi, kama inavyotakiwa. Nusaiba alikuwa amekaa kitandani, hina hadi viwikoni, mama yake kulia, Saida kushoto.

"Mwanangu Nusaiba," alisema Mjomba, na sauti yake ilikuwa imelowa kidogo, "umekubali shekhe akuozeshe kwa Mudathiri bin Salumu, kwa mahari mliyokubaliana?"

Nusaiba aliinua uso.

"Safari hii umesoma mpaka chini, Mjomba?"

"Nimesoma. Na miwani ni yangu."

"Basi nakubali," alisema. "Hakuna cha kukata."

Bi Adija ndiye aliyeanza vigelegele, na huko nje Mudathiri, kabla hajaulizwa chochote na shekhe, alijibu kwa sauti kwamba na yeye amekubali.